Redio Kaseti ya Japani: Kwa Nini Inashika CBS Lakini Haishiki Simba

Bombo, mji wa hapa Uganda, sebuleni kwa mjomba wangu, kuna redio kaseti kubwa ya rangi ya fedha, spika mbili, aliyoletewa na mwanawe aliyekuwa akifanya kyeyo, yaani vibarua vya ughaibuni, Japani. Kwa miezi mingi kila aliyeigusa alitoa hukumu moja: imekufa. Ukizungusha kifundo cha stesheni unaipata Akaboozi kwenye 87.9, Sanyu kwenye 88.2, CBS inaingia safi kwenye 88.8 na tena kwenye 89.2, halafu Radio One inasikika kwa kukwaruza kwenye 90, na mshale umeshafika ukutani. Capital hakuna. KFM hakuna. Simba hakuna. Na upande wa kushoto wa kioo, kuanzia 76 mpaka karibu na 87, ni mvumo mtupu kama mvua juu ya mabati.

Redio hiyo ilikuwa nzima. FM ya Japani, kwa miaka mingi ambayo redio hizi zilikuwa zikitengenezwa, ilianzia megahezi 76 ikaishia 90. Ya kwetu Uganda, sawa na Kenya, Tanzania na sehemu kubwa ya dunia, inaanzia 87.5 na kuishia 108. Vipande hivyo viwili vinakutana kwa megahezi mbili na nusu tu, na katika upenyo huo ndimo wamo Akaboozi, Sanyu, CBS na Radio One. Mtu akisikiliza CBS asubuhi hadi jioni anaweza kuishi na redio ya Japani miaka kumi asijue kuwa ana nusu ya redio.

Wenye magari wanaujua ugonjwa huu, maana gari lililotumika Japani linashuka bandarini na redio ileile. Lakini kwa redio kaseti za zamani mambo yamechanganyika zaidi, kwa sababu kifaa cha miaka 40 kina matatizo ya koo mbili. Kuna yanayotokana na ugeni: umeme tofauti, masafa tofauti, hatua tofauti za kutafutia stesheni. Na kuna yanayotokana na uzee: mipira iliyoyeyuka, swichi zenye kutu, kapasita (vihifadhi umeme vidogo) zilizokauka. Fundi asipotenganisha haya mawili atabadilisha kapasita kumi akimtafuta Simba, na Simba hatapatikana hata akibadilisha bodi nzima. Au atahangaika na koili za FM wakati kinachozuia sauti ya upande mmoja ni swichi chafu ya kurekodia. Nimeshuhudia yote mawili.

Zilipotoka kiwandani, miaka ya 1970 na 1980, tofauti ya FM haikuwa na uzito wowote hapa kwetu. Redio ya kusikiliza ilikuwa Radio Uganda, na wengi waliipata kwenye masafa ya kati na masafa mafupi. FM za watu binafsi zilianza 1993, Sanyu na Capital zikiwa za mwanzo. Masafa ya kati ya Japani yanafanana na yetu, hatua za kilohezi 9, na masafa mafupi ni yaleyale dunia nzima. Kwa hiyo redio iliyotoka Japani mwaka 1982 ilifanya kazi yake hapa bila lawama. Ni anga letu lililojaa FM baadaye ndilo lililoifanya ionekane mbovu.

Kabla ya anga, hata hivyo, kuna ukuta. Hapa ndipo redio nyingi zinapofia, siku ya kwanza, mbele ya familia nzima iliyokusanyika kuisikiliza.

Nyuma ya redio ya nyumbani Japani pameandikwa AC 100V. Soketi yetu inatoa volti 240. Kinachowaponza watu ni ile adapta ndogo ya dukani inayoingia plagi ya miguu miwili bapa upande mmoja na kutoa miguu mitatu ya mraba upande wa pili. Adapta hiyo inabadilisha miguu tu. Umeme unaopita ndani yake ni uleule 240. Mtu anaona plagi imekubali, anadhani redio nayo imekubali.

Kinachotokea ndani kinafaa kueleweka. Transfoma ya redio ni waya uliozungushwa kwenye chuma, na chuma hicho kina kiwango cha sumaku kinachoweza kubeba. Mtengenezaji hawezi kuweka chuma kikubwa cha bure, kwa hiyo kwenye volti 100 kinakuwa kimeshakaribia kushiba. Ukikipa 240 kinashiba kabisa, na chuma kikishashiba waya hauna tena cha kuuzuia umeme. Mkondo unaruka juu, waya unachemka, ile harufu ya vanishi iliyoungua inatoka. Kwa bahati njema transfoma nyingi za Kijapani zimefichwa fyuzi ya joto chini ya karatasi inayofunika waya. Fyuzi hiyo ikikatika mapema, redio inakuwa imeokoka. Ndiyo maana redio "iliyoungua" isitupwe kabla ya kuwekewa mawe, yaani betri kavu, na kujaribiwa. Ikiimba kwa mawe, kilichokufa ni transfoma tu, na transfoma inaweza kuzungushwa upya kwa ajili ya 240 na fundi anayeijua kazi hiyo. Isipoimba, basi volti zilizoruka zilipita upande wa pili zikapasua kapasita kubwa ya kuchujia au zikaua aisii (chipu) ya kukuza sauti. Hata hizo hubadilishwa, ila gharama inapanda.

Dawa sahihi ni transfoma ya kushusha, 240 kwenda 100. Angalia wati zilizoandikwa nyuma ya redio na ununue transfoma yenye uwezo wa angalau mara mbili. Ya kushusha hadi 110 ndiyo inayopatikana kirahisi zaidi, na redio ya volti 100 itaivumilia ingawa itapata joto zaidi, kwa hiyo usiiache imechomekwa usiku kucha. Kwa redio iliyotoka Marekani, ya volti 120, hiyo ya 110 inafaa hata zaidi, kwa sababu umeme wa Marekani ni wa hezi 60 na wetu ni wa 50, na transfoma iliyoundwa kwa 60 inashukuru ikipewa volti pungufu kidogo. Mota ya kaseti haijali hezi, inaendeshwa na umeme mnyoofu. Saa ndiyo inayojali: redio ya Marekani yenye saa inayohesabu mapigo ya umeme wa ukutani itachelewa dakika 10 katika kila saa moja, na watu wataituhumu kuwa mbovu.

Redio zilizonunuliwa Dubai au Jeddah mara nyingi hazina kesi hizi. Zilitengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nchi nyingi, zina swichi ndogo nyuma ya kuchagua volti. Ila tazama swichi hiyo imesimama wapi kabla hujachomeka. Inasogea kirahisi kwa bisibisi, na watoto wana bisibisi.

Mimi binafsi napendelea kuukwepa ukuta kabisa. Redio kaseti ilizaliwa iende kwa mawe, yale ambayo Waganda wanayaita amanda kama makaa. Hesabu mashimo ya mawe na umeshajua volti zake: mawe 6 ni volti 9, mawe 8 ni volti 12, mawe 10 ni volti 15. Redio ya mawe 8 inaweza kuunganishwa kwenye betri ya sola ya volti 12 bila kitu kingine zaidi ya fyuzi na waya mzuri, na vijijini hivyo ndivyo nyingi zinavyoishi. Betri hiyo ikiwa inachajiwa jua kali inaweza kupanda hadi 14.4, na redio nyingi zinastahimili hapo, lakini si vizuri kufungulia sauti yote wakati huo. Ya mawe 6 inahitaji kishusha volti katikati. Aisii ya 7809 inatosha kama imefungwa kwenye bati la kupozea, maana tofauti kati ya 12.6 na 9 yote inageuka joto.

Kuna mtego mmoja kwenye tundu la DC. Redio nyingi za Kijapani za zamani zina hasi katikati na chanya nje, kinyume cha adapta nyingi za leo. Kuna mchoro mdogo pembeni ya tundu, duara na nukta, unaoonyesha. Usome. Umeme ukiingia kinyume aisii ya sauti inakufa kabla hujasikia chochote. Fundi makini ataweka dayodi moja, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye waya wa chanya na kosa hilo halitatokea tena kwa mtu yeyote baada yake.

Umeme ukishakaa sawa, ndipo uzee unajitokeza.

Kaseti haitembei, au inatembea na sauti inayumba kama ya mlevi: mara nyingi ni mipira. Mpira wa miaka 40 ama umelegea, ama umegeuka lami nyeusi inayoshika vidole, magurudumu na kila kitu. Lami hiyo isafishwe yote kwa spiriti na pamba kabla ya mpira mpya kuingia, la sivyo mpira mpya utateleza wiki ya kwanza. Wengine hukata tyubu ya baiskeli. Naelewa kwa nini, tyubu iko karibu na haina gharama, lakini haikatiki kwa unene sawa, na kila panene panapopita kwenye gurudumu sauti inapanda na kushuka. Zungusha uzi mahali mpira unapopita, upime urefu, utafute mpira wa mraba uliopungua kwa asilimia 5 hivi. Upana nao ulingane na mfereji wa gurudumu.

Rola ya mpira inayobana utepe nayo isafishwe, na kichwa cha kusomea, na kile kijiti cha chuma kinachozunguka pembeni yake. Kaseti ikiwa na sauti nzito kama inatoka chini ya blanketi, jaribu kusafisha kabla ya kugusa skrubu ya pembeni ya kichwa. Skrubu hiyo inalaza kichwa ulalo sahihi na utepe, na ikishazungushwa ovyo kaseti zote za nyumbani zitasikika vibaya isipokuwa ile moja iliyotumika kurekebishia.

Mwendo ni sentimita 4.76 kwa sekunde, uleule tangu Philips walipoionyesha kaseti Berlin mwaka 1963. Kuupima hakuhitaji mashine. Chukua wimbo unaoujua urefu wake, tuseme dakika 4 kamili, uupige ukiwa na saa mkononi. Ukiisha kwa sekunde 228 badala ya 240, mota inakimbia kwa asilimia 5. Nyuma ya mota kuna tundu dogo, ndani yake skrubu ya kurekebishia mwendo. Izungushwe kidogo mno, kwa subira.

Kisha kuna ile swichi ndefu ya kurekodi na kupiga, iliyo kwenye bodi, ambayo hakuna anayeishuku. Ina miguu mingi, na kila mguu ukishika kutu unaleta dalili yake: spika moja kimya, mluzi, mvumo, redio inayoimba ukibonyeza kitufe cha kurekodi tu. Nyunyizia dawa ya kusafishia swichi, uisukume mbele na nyuma mara 30 umeme ukiwa umekatwa. Nimeona redio ambayo ingenunuliwa aisii mpya mbili ikipona kwa dakika tano za kazi hiyo.

Kuhusu kapasita nina msimamo. Zile kubwa za kuchujia umeme na zile zilizovimba au kuvuja, zibadilishwe, mikrofaradi sawa, volti sawa au zaidi, chanya mahali pa chanya. Lakini mtindo wa kubadilisha kila kapasita kwa sababu ni ya zamani siukubali, hasa ndani ya sehemu ya FM. Pale kapasita ndogo ni sehemu ya kipimo chenyewe cha masafa. Ukibadilisha moja kwa nyingine inayofanana kwa macho, stesheni zote zinahama.

Karakana moja Kampala, sitaitaja, iliwahi kupokea kutoka kwangu redio ya kaseti mbili iliyokuwa na tatizo la mpira tu. Nilirudishiwa ikiwa imetolewa mashine yote ya kaseti na kuwekwa kijibodi cha USB chenye taa za buluu, kimebandikwa kwa gundi pale palipokuwa na mlango. Mashine ya kaseti ilikuwa imeshauzwa chuma chakavu. Anayetaka simu yake iimbe kwenye redio ya zamani hahitaji ukatili huo. Kama nyuma kuna tundu la LINE IN au AUX, waya mmoja unatosha. Kama halipo, sauti ya simu iingizwe kwenye mguu wa juu wa kifundo cha sauti kupitia swichi ndogo, kamwe isipelekwe kwenye waya za kichwa cha kaseti, kwa sababu pale redio inategemea ishara ndogo kupita kiasi na itapiga kelele. Kijibodi cha Bluetooth kikilishwa umeme wa redio hiyohiyo huleta mvumo, basi kipewe kishusha umeme chake kilichotenganishwa, au betri yake.

Sasa turudi kwa Simba.

Kwanza soma kioo. Redio nyingine za Japani zimeandikwa 76 hadi 108, na kati ya 90 na 108 kuna alama 1, 2, 3 na neno TV. Televisheni ya zamani ya Japani ilikuwa na chaneli tatu za kwanza ndani ya 90 na 108, na sauti yake ilirushwa kwa mfumo wa FM, kwa hiyo viwanda vilitengeneza redio za kusikilizia televisheni. Televisheni hiyo ilizimwa mwaka 2011, mikoa mitatu iliyopigwa na tsunami ikafuata 2012, na huko kwao upande huo wa kioo ukapoteza kazi yake ya kwanza. Kwetu upande huohuo umejaa: Capital, KFM, Simba, BBC kwenye 101.3. Ukiikuta redio ya namna hiyo sokoni, usiguse kitu ndani. Nunua.

Kama kioo kinaishia 90, kuna kazi, na kazi hiyo inaeleweka ukijua redio inasikiaje. Redio haiikuzi stesheni kama ilivyoingia. Ndani kuna osileta, kijenereta kidogo cha mawimbi, kinachotembea pamoja na mshale. Mawimbi yake yanachanganywa na ya stesheni, na tofauti kati ya hayo mawili lazima iwe megahezi 10.7. Kila stesheni inageuzwa kuwa 10.7, na hatua zote zinazofuata zimetengenezwa kwa ajili ya 10.7 tu, kama mizani ya barabarani isiyojali lori limetoka wapi. Kwa hiyo anayeamua stesheni gani inasikika ni osileta. Redio za Japani kwa kawaida zina osileta inayokaa chini ya stesheni: kupata 76 inazunguka kwa 65.3, kupata 90 inazunguka kwa 79.3. Ili mahali hapohapo pa mshale papate 88, osileta inatakiwa ipande hadi 77.3.

Osileta inapandishwa kwa kupunguza nguvu ya koili yake. Koili ya FM ni waya mnene kidogo uliozungushwa mara chache, mara nyingi umemwagiwa nta usitikisike. Ukiitanua, mizunguko ikaachana, nguvu inapungua na masafa yanapanda. Kutoka 65.3 kwenda 77.3 kunataka koili ipungue kwa karibu asilimia 29. Kutanua peke yake wakati mwingine hakufiki hapo, basi unaondoa mzunguko mmoja, kisha unatanua au kubana kidogo kupata kamili.

Kuitambua koili ya osileta kati ya mbili tatu zilizoko karibu na kapasita ya kuzungusha, ile inayogeuzwa na kifundo cha stesheni, ni rahisi. Weka CBS, kisha sogeza ncha ya kidole karibu na kila koili bila kuigusa. Ile inayoifanya stesheni ihame au ipotee ndiyo osileta. Ile inayobadilisha nguvu tu, stesheni ikabaki mahali pake, ni ya antena.

Kazi yenyewe fundi wa Bombo, mzee wa Kinubi aliyeinamia redio tangu ujana wake, aliniambia ni kumfukuza CBS. Unaanza CBS akiwa kulia kabisa, karibu na 89. Unayeyusha nta kwa ncha ya moto, unatanua koili kwa kijiti cha mwanzi, si kwa bisibisi, kwa sababu chuma kikikaribia koili kinabadilisha kipimo na ukikiondoa kila kitu kinahama tena. CBS anapotea. Unamtafuta, unamkuta amesogea kushoto, kwenye 86. Unatanua tena, yuko 83. Na huku anakwenda kushoto, nyuma yake upande wa kulia wanaanza kuingia wengine: kwanza Capital, halafu KFM, halafu sauti ya Simba ambayo nyumba ile haikuwahi kuisikia kutoka kwenye redio hiyo. Mjomba alisimama. Fundi hakuinua kichwa.

CBS akifika karibu na 77 ya kioo, osileta imefika. Zinabaki koili za antena, ambazo zinatakiwa nazo zipungue kwa robo hivi, la sivyo stesheni za mbali zitasikika dhaifu. Hapo unasikiliza stesheni iliyofifia, si yenye nguvu, na unatanua mpaka inapokuwa safi kuliko zote.

Kuna mpaka ambao koili peke yake haiuvuki. Kapasita ya kuzungusha ina uwiano wake kati ya mwanzo na mwisho, na uwiano ule uliotosha megahezi 14 za Japani hautoshi 20 zetu. Ukiianzisha redio kwenye 88, itafika 104.6 hivi na kuishia hapo. Ili kupanua, skrubu ya kapasita ndogo iliyo mgongoni mwa ile kubwa inafunguliwa kidogo, kisha koili inabanwa kidogo kurudisha 88 mahali pake, kisha skrubu tena, kwa zamu, hadi pande zote mbili zitulie. Wengine hupendelea kuipeleka osileta juu ya stesheni, kuanzia 98.7, na hapo uwiano unatosha FM nzima. Lakini redio yenye AFC, ile swichi inayoishikilia stesheni isiponyoke, itageuka adui: osileta ikiwa upande wa pili, AFC inasukuma badala ya kuvuta, na stesheni itakimbia kila unapoikaribia. Anayechagua njia hiyo lazima aizime AFC au aigeuze.

Redio ya namba za kidijitali haikubali kutanuliwa koili. Kompyuta ndogo ndani inaihesabu osileta na kuirudisha 76 hadi 90 hata ufanye nini. Baadhi zina dayodi au daraja la waya kwenye bodi linaloiambia iko nchi gani, na ukilihamisha inafunguka. Zisizo na hilo zinahitaji kile wenye magari wanakiita ekispanda, kikopo kinachokaa kati ya antena na bodi na kuzishusha stesheni zote kwa kipimo kimoja. Cha kushusha 12 kinakupa 88 hadi 102. Cha kushusha 20 kinakupa 96 hadi 108, na Simba ataonekana kwenye 77.3. Dirisha la megahezi 14 haliwezi kumeza 20, kwa hiyo uliza nyumba inasikiliza nini kabla ya kununua.

Redio za Marekani zinaleta kisa kidogo cha kinyume. FM yao inafika 108 kama yetu, lakini zile za kidijitali zinaruka hatua za 0.2 kwenye namba witiri tu: 88.1, 88.3, 88.5. Simba 97.3 na Capital 91.3 zinaingia vizuri. CBS 88.8 na Sanyu 88.2 zinaangukia katikati ya hatua na kusikika kwa mikwaruzo. Kuna zenye swichi ya kubadili hatua, itafute nyuma au chini. Aidha sauti ya FM kwenye redio hizo hufifia upande wa juu, kwa sababu Marekani huchuja sauti nyembamba zaidi kuliko sisi. Kapasita mbili za uchujio huo zikipunguzwa kwa theluthi, 0.022 ikawa 0.015, sauti inafunguka.

Redio ya mjomba fundi hakuipanua hadi 108. Aliniuliza kuna nini huko juu ambacho mzee anakihitaji, sikuwa na jibu, akarudisha nta ya mshumaa juu ya koili. Kwenye kioo tumebandika ukanda mwembamba wa karatasi wenye mwandiko wa mjomba mwenyewe. Capital iko palipoandikwa 79, Simba iko 84, Radio Maria 103.7 iko nyuma kidogo ya 90, na Power FM 104.1 unaipata mshale ukiwa umegusa ukuta.